Mwanamke Abiria na Hesabu ya Tajiri

Katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, ambako wakazi wengi hawana magari yao wenyewe na umbali kati ya makazi na mahali pa kazi unazidi kukua kadiri miji inavyotanuka, usafiri wa umma ndio unaoamua ni nani atakayefika sokoni, hospitalini, shuleni au kazini, na atafika akiwa katika hali gani. Kwa mwanamke, hali hiyo ya kufika ina uzito wa pekee, kwa sababu safari yake haitegemei tu kuwapo kwa gari na nauli, bali hutegemea pia kama mwili wake utaheshimiwa tangu anapokuwa kituoni hadi anaposhuka. Unyanyasaji wa kijinsia katika daladala za Dar es Salaam na matatu za Nairobi umezungumzwa kwa muda mrefu kama suala la malezi na adabu, na mara nyingi mno kama suala la mavazi. Makala hii inautazama kama zao la namna kazi ya kubeba abiria ilivyopangwa, kwa kuwa mpangilio huo ndio unaoeleza kwa nini onyo, mabango na hata sheria kali vimebadilisha mambo machache.

Unyanyasaji wa kijinsia, kwa maana inayotumika hapa, ni neno, ishara au tendo lolote lenye mwelekeo wa kingono ambalo anayeelekezewa hakuliridhia na ambalo humfedhehesha, humtia hofu au humnyima utulivu. Ndani ya vyombo vya usafiri huonekana kwa sura nyingi: mpiga debe anayemvuta msichana mkono na kumsukumia ndani ya gari ambalo hakukusudia kulipanda, konda anayeshika kiuno cha abiria kwa kisingizio cha kumsaidia kupanda, abiria mwenzake anayeutumia msongamano kujisugua mwilini mwake, jambo ambalo watu wa Dar es Salaam huliita kubambia, mtu anayempiga picha kwa simu bila ruhusa, na matusi yanayomwagwa pale mwanamke anapodai chenji yake au anapokataa kutoa namba ya simu. Makosa haya hayalingani kwa uzito, na si sahihi kuyatia kapu moja na ubakaji, lakini yana jambo linaloyaunganisha, nalo ni kwamba mtendaji huamini kuwa mazingira yenyewe, yaani kelele, haraka, msongamano na ugeni wa watu wasiojuana, yatamficha.

Inafaa kutazama kwa karibu kinachotokea jioni katika basi dogo aina ya Coaster linalotoka Kariakoo kuelekea Mbagala. Viti vimejaa tangu kituo cha kwanza, na waliosimama katika ujia mwembamba wameshika bomba la juu kwa mkono mmoja na mzigo kwa mkono wa pili, kwa hiyo mwanamke aliyesimama hana mkono wa kujikingia. Konda, ambaye nusu ya mwili wake imo nje ya mlango, hugonga bati na kuwahimiza watu wasogee nyuma ambako anadai kuna nafasi, na kila breki inapokanyagwa miili hugongana, kiasi kwamba mtu wa tatu hawezi kumtofautisha aliyeguswa kwa bahati mbaya na aliyeguswa kwa makusudi. Wanaojua tofauti hiyo ni wawili tu. Mwanamke akilalamika, jibu linalokuja upesi kutoka viti vya nyuma ni kwamba asiyetaka kubanwa akodi teksi, na kicheko kinachofuata huimaliza kesi yake kabla haijasikilizwa. Hata lugha ya konda ina cha kufundisha: mwanamke mwenye umri wa mama yake humwita mama na kumwombea kiti, ilhali msichana wa miaka ishirini humwita mrembo au mchumba na kumgusa bega anapomdai nauli. Konda huyo, kwa hiyo, anaijua heshima vizuri na anajua kuipima. Kinachokosekana ni sababu ya kumlazimu aitoe kwa kila abiria.

Kwamba wanawake ndio wanaoumia zaidi kunatokana pia na aina ya safari wanazofanya. Wataalamu wa usafiri huzungumzia safari za mnyororo, yaani safari inayoundwa na vipande vingi vifupi badala ya njia moja ya kwenda na kurudi. Mwanamume aliyeajiriwa kwa kawaida hutoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni kwa njia ileile, lakini mwanamke, ambaye juu ya kutafuta kipato amebebeshwa pia malezi na mahitaji ya nyumbani, humpeleka mtoto kliniki, hupitia sokoni, humjulia hali mgonjwa, kisha huenda kwenye biashara yake, na kwa kila kipande hupanda gari jipya, hulipa nauli mpya na hukutana na konda mpya. Mchuuzi wa samaki anayewahi mnada wa soko la Feri hutoka nyumbani kabla ya alfajiri. Muuguzi wa zamu na mhudumu wa hoteli hurudi wakati ambapo vituo vimekuwa vitupu na taa za barabarani ni chache. Wengi wao hulipa gharama ambayo haiandikwi popote: huacha magari mawili au matatu yapite wakisubiri lenye nafasi, hupanda bajaji kwa fedha ambayo ingekuwa mboga ya jioni, au hukataa kazi yenye zamu ya usiku. Anayehesabu idadi ya abiria waliosafiri hawezi kuwaona wanawake hawa, kwa sababu safari waliyoiahirisha haikuacha alama.

Mpangilio wa sasa wa usafiri una historia fupi, lakini athari zake zinafika mbali. Dar es Salaam ilihudumiwa na shirika la umma, UDA, lililoanzishwa mwaka 1974, ambalo kwa uhaba wa mabasi na vipuri lilishindwa kuufuata mji uliokuwa ukikua kwa kasi, na mwaka 1983 serikali ikayaruhusu rasmi magari ya watu binafsi ambayo tayari yalikuwa yakibeba abiria kwa kujificha. Nairobi, matatu zilikwisha kupata ruhusa ya namna hiyo mwaka 1973 kwa tamko la Rais Jomo Kenyatta. Katika miji yote miwili pengo lililoachwa na dola lilijazwa na wamiliki wengi wadogo, kila mmoja na gari lake moja au mawili, na miongo kadhaa baadaye usafiri wa mamilioni ya watu bado unategemea makubaliano ya mdomo kati ya mwenye gari na anayeliendesha.

Makubaliano hayo ndiyo kiini cha suala zima. Mmiliki, ambaye Dar es Salaam huitwa tajiri hata kama gari lenyewe amelinunua kwa mkopo, humkabidhi dereva gari na kumtaka alete kila jioni kiasi maalumu cha fedha kinachoitwa hesabu. Dereva hununua mafuta, hulipa faini na ushuru wa vituoni, huwapoza wanaohitaji kupozwa barabarani, kisha hugawana na konda kinachobaki, na siku ambayo hakibaki kitu huwa wamefanya kazi bure. Matteo Rizzo, mtafiti aliyechapisha kitabu kuhusu daladala za Dar es Salaam mwaka 2017, ameonesha kuwa watu hawa ni wafanyakazi wanaovishwa sura ya wafanyabiashara wa kujitegemea, kwani hawana mkataba wala mshahara, na tajiri anaweza kuwabadilisha kati ya leo na kesho. Chini yao kuna tabaka jingine la vijana wasio na gari la kudumu, wanaojulikana kama deiwaka, ambao hushika usukani au mlango kwa saa chache ili mwenye zamu apumzike, na ambao majina yao hayajulikani na mmiliki, na pengine hata na dereva mwenyewe.

Kutokana na hesabu huzaliwa mambo matatu yanayomgusa mwanamke moja kwa moja. Kwanza ni msongamano, kwa sababu abiria wa kwanza huenda kwenye mafuta na kwa tajiri, na faida ya dereva na konda imo katika wale wanaosimama. Konda anayeambiwa asijaze gari anaambiwa, kwa lugha nyingine, asile. Pili ni haraka, ambayo humfanya konda kumsukuma abiria kwa mkono badala ya kumwelekeza kwa maneno, na kumshusha gari likiwa bado linatembea. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni kwamba hakuna mwajiri. Mwanamke aliyetukanwa na mhudumu wa benki anajua pa kupeleka malalamiko, lakini aliyetomaswa na konda hana meneja wa kumwendea, maana tajiri atasema kwamba yeye alitoa gari tu, dereva atasema kwamba konda si mtu wake, na konda mwenyewe wiki ijayo atakuwa njia nyingine.

Wanafunzi wa kike huonja makali ya mfumo huu mapema. Nauli ya mwanafunzi Dar es Salaam imepangwa kuwa shilingi 200, ilhali mtu mzima hulipa zaidi ya mara mbili ya hizo, na kwa kuwa hakuna anayemfidia mwenye daladala tofauti hiyo, kila mwanafunzi anayeketi humpunguzia konda sehemu ya kipato cha siku. Ndiyo maana makundi ya watoto waliovaa sare huonekana vituoni wakikimbilia magari yanayowafungia milango, na ndiyo maana upendeleo wa konda au wa dereva wa bodaboda, anayemruhusu msichana fulani apande bila shida kila siku, hugeuka kuwa deni ambalo msichana huyo baadaye hudaiwa kwa njia nyingine. Mara nyingi lawama huangukia tamaa ya msichana. Ingekuwa haki zaidi kuulizwa kwanza ni nani aliyeamua kwamba punguzo la nauli ya mwanafunzi lilipwe na konda.

Kuhusu mavazi, hoja inayosikika mno vijiweni, ushahidi wa kila siku unatosha kuikanusha, kwa kuwa wanawake wenye baibui na mtandio hulalamikia kubambiwa sawasawa na waliovaa suruali. Hata hivyo hoja hiyo imewahi kuzaa ukatili wa hadharani. Mwezi Novemba 2014 kundi la wanaume lilimvua nguo mwanamke katika kituo cha matatu katikati ya jiji la Nairobi kwa madai kwamba alikuwa amevaa vibaya, picha za video zikasambaa, na tarehe 17 ya mwezi huo waandamanaji walitembea kutoka Uhuru Park hadi kwenye kituo hicho wakidai kwamba mavazi ya mwanamke ni uamuzi wake mwenyewe. Bunge lilijibu haraka: mwezi uliofuata, kupitia marekebisho ya sheria za usalama, kiliongezwa katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya kifungu cha 251A, kinachomhukumu anayemvua mtu nguo kwa nguvu kwa nia ya kumfedhehesha kifungo kisichopungua miaka 10. Mwezi Julai 2017 mahakama ya Nairobi iliwatia hatiani dereva, kondakta wake na mwanamume mwingine kwa kumdhalilisha na kumpora abiria ndani ya basi mwaka 2014, ikawahukumu kifo. Anayesoma habari ya kesi hiyo kwa makini atagundua kwamba adhabu ya kifo ilitokana na shtaka la wizi wa mabavu, yaani fedha na simu alivyoporwa mwanamke vilikuwa na uzito mkubwa zaidi mbele ya sheria kuliko alivyotendewa mwilini.

Sheria za kawaida, zinazopaswa kushughulikia yale yanayotokea kila jioni, zina mapengo ya aina nyingine. Kenya ilipitisha Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006, baada ya muswada uliowasilishwa bungeni na Njoki Ndung'u, na kifungu chake cha 23 kinahusu unyanyasaji wa kingono kwa jina lake. Lakini kimeandikwa kwa kumlenga mtu mwenye mamlaka au mwenye wadhifa wa umma, kama vile bosi dhidi ya mtumishi wake, na kondakta wa matatu au abiria wa kiti cha nyuma haingii humo kwa urahisi. Kinachobaki kutumika dhidi yao ni kifungu cha 11A kuhusu kitendo kichafu dhidi ya mtu mzima, ambacho adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 50,000 za Kenya, au vyote viwili. Tanzania ilitangulia kwa miaka kadhaa: Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyopiganiwa na vikundi vya wanawake kikiwamo Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D, kinachotambua kuwa udhalilishaji wa kijinsia unaweza kufanywa kwa maneno au vitendo, na kinachoiruhusu mahakama kumwamuru mkosaji amlipe fidia aliyedhalilishwa pamoja na kifungo kisichozidi miaka 5 au faini. Kwa maandishi, kifungu hicho kinamfikia konda, mpiga debe na abiria bila kuuliza cheo chake.

Tatizo ni kwamba sheria imejengwa kwa ajili ya kosa lililotendeka mahali fulani na mtu fulani, ilhali daladala haitulii mahali pamoja. Mlalamikaji anatakiwa kwenda kituo cha polisi, lakini kosa lilianzia Ubungo na kumalizikia Tabata. Anatakiwa kumtaja mtuhumiwa, lakini anajua tu rangi ya fulana yake. Anatakiwa kuwa na mashahidi, lakini mashahidi wake walishuka vituo mbalimbali na hawaonekani tena. Fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, ambayo mtu aliyejeruhiwa hupewa ili atibiwe na jeraha lake liandikwe, haina la kuandika pale ambapo mkono ulipita na haukuacha alama. Madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi vya Tanzania yamepunguza aibu ya kueleza mambo haya mbele ya kaunta yenye watu wengi, na nchini Kenya namba ya simu 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia bila malipo, lakini mama lishe anayepiga mahesabu ya siku ataona kwamba kushitaki kunamgharimu siku nzima ya biashara na nauli mbili zaidi, ndani ya magari yaleyale.

Miji mingine duniani ilipokabiliwa na tatizo hili ilichagua kuwatenga wanawake. Tokyo, ambako kupapaswa ndani ya treni za asubuhi kulikuwa kero ya miaka mingi, baadhi ya njia za reli zilianza kutenga behewa la wanawake mwanzoni mwa miaka ya 2000, na utaratibu huo ukaenea zaidi mwaka 2005. Cairo ina mabehewa ya wanawake katika reli yake ya chini ya ardhi, na Delhi ilitenga behewa la kwanza la kila treni mwaka 2010. Hakuna sababu ya kuubeza uamuzi huo, kwa kuwa wanawake wengi wanaosafiri humo wanasema wanapumua. Lakini una kasoro mbili zinazouzuia kuwa jibu la Dar es Salaam au Nairobi: treni yenye mabehewa manane inaweza kutenga moja, ila Coaster yenye mlango mmoja haiwezi, na kila behewa linapotengwa, mwanamke aliyepanda behewa la wote huanza kuulizwa kwa nini hakupanda la kwake, na hivyo mzigo wa kujilinda humrudia yeye mwenyewe. Delhi yenyewe ilijifunza kwa gharama kubwa kwamba behewa moja halitoshi, pale ambapo Desemba 2012 mwanafunzi alibakwa na kuumizwa vibaya ndani ya basi la binafsi hata akafariki, na mwaka uliofuata sheria ya jinai ya India ikarekebishwa. Uingereza ilichukua njia tofauti, kwa polisi wa reli kuwatangazia abiria namba 61016 ya kutumia ujumbe mfupi wa simu hata kwa tukio linaloonekana dogo, kwa hoja kwamba malalamiko madogo yakikusanywa huonesha treni ipi, saa ngapi, na pengine mtu yuleyule. Wazo hilo lina manufaa zaidi kwa Afrika Mashariki kuliko behewa la rangi ya waridi, kwa kuwa simu anayo karibu kila abiria.

Majaribio mawili ya karibu zaidi yana mafunzo yake. La kwanza ni Nairobi, ambako kanuni zilizopewa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 2004 kwa lengo la kupunguza ajali: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, abiria 14 kwa matatu ndogo, pamoja na sare na vitambulisho vya dereva na kondakta. Hakuna aliyezitunga kwa kumfikiria mwanamke anayebambiwa, lakini kwa kuwa kila abiria alipata kiti chake na kila kondakta akawa na picha na jina kifuani, zilifanya kwa muda kile ambacho semina nyingi za maadili hazijaweza. Zilidhoofika kadiri usimamizi ulivyolegea, na siku hizi katika matatu nyingi zenye muziki wa kutikisa vioo na taa za rangi katika giza la jioni, abiria anayesema niache husikika na yule tu asiyetaka kumwacha.

La pili ni mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, maarufu kama mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016 katika njia zenye jumla ya kilomita 21 hivi, kuu ikiwa ile ya kati ya Kimara na katikati ya jiji. Hapa hesabu ya tajiri haipo, konda haning'inii mlangoni, tiketi hukatwa kabla ya kupanda, dereva ameajiriwa, na miongoni mwa madereva wamekuwamo wanawake. Kama tatizo lingekuwa la konda peke yake, lingekwisha hapo. Lakini huduma ilianza na mabasi 140, pungufu sana kuliko yaliyokusudiwa kwa awamu hiyo, na abiria wa Kimara aliyesubiri hadi uvumilivu kuisha huingia kwa kusukumwa kupitia mlango mpana ambao watu mia moja wanaugombea, kisha husimama akiwa amebanwa pande zote nne hadi Kivukoni. Malalamiko ya kubambiwa yakahama na abiria kutoka daladala kwenda mwendokasi. Ajira rasmi, kwa maneno mengine, humwondolea mwanamke adha ya konda. Adha ya abiria mwenzake huondolewa na nafasi, na nafasi hununuliwa kwa mabasi ya kutosha. Kigali, ambayo mwaka 2013 iligawa njia zake kwa kampuni chache zenye mkataba na baadaye ikaanzisha kadi ya kulipia nauli, imesumbuliwa na swali hilohilo la idadi ya mabasi, ingawa mpangilio huo angalau ulimwezesha abiria kujua ni kampuni gani iliyombeba.

Serikali zimependa zaidi kutumia operesheni. Mwezi Machi 2022, baada ya waendesha bodaboda kumshambulia dereva mwanamke katika barabara ya Wangari Maathai jijini Nairobi, mamlaka ziliamuru msako wa nchi nzima na usajili upya wa pikipiki, lakini kabla ya wiki mbili kupita msako ukasimamishwa. Operesheni hutuliza hasira za umma, na ndiyo kazi pekee inayoifanya vizuri.

Yanayodumu hufanywa na watu walioamua kuingia vijiweni. Shirika la Flone Initiative la Nairobi, lililoanzishwa na Naomi Mwaura, limekuwa likiwafundisha madereva na makondakta wa matatu namna ya kuwahudumia abiria bila kuwadhalilisha, na limewaunganisha wanawake wanaofanya kazi katika sekta hiyo, ambao wenyewe husumbuliwa na wenzao wa kiume kabla hata hawajakutana na abiria. Mafunzo ya namna hii hufaa pale yanapoacha kuhubiri na kuingia kwenye vitendo vya kazi: kondakta anapofundishwa kwamba mkono wake unashika bomba la mlango na si abiria, kwamba mwanamke akimlalamikia jirani yake, wa kulazimishwa kuhama ni mwanamume, na kwamba gari linaweza kusimamishwa mbele ya kituo cha polisi, atakuwa amepata ujuzi wa kutumia siku hiyohiyo. Ila mafunzo hayo hayawezi kushindana na hesabu, kwani kondakta aliyesimamisha gari dakika kumi kwa ajili ya abiria mmoja ndiye atakayefidia dakika hizo.

Kwa sababu hiyo mzigo unapaswa kupelekwa kwa mwenye leseni. Kenya tayari ina msingi wa kufanya hivyo, kwa kuwa kanuni za mwaka 2014 za mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, hazimruhusu mwenye matatu moja kufanya kazi peke yake, bali humtaka ajiunge na chombo, mara nyingi ushirika unaoitwa sacco, chenye magari yasiyopungua 30. Sacco ina ofisi, ina viongozi, na leseni yake inaweza kusimamishwa. Nchini Tanzania leseni ya njia hutolewa na LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na mara nyingi hutolewa kwa mmiliki mmojammoja. Hata hivyo jina lake limo katika kumbukumbu, namba ya gari imeandikwa ubavuni, na njia inatambulika kwa mstari wa rangi unaozunguka bodi. Iwapo masharti ya leseni yatamtaka mmiliki kuwasilisha majina ya dereva, konda na deiwaka wake wote, na kueleza kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa ni nani alikuwa mlangoni saa iliyolalamikiwa, mwanamke hatahitaji tena kulijua jina la aliyemgusa. Atahitaji namba ya gari, njia na saa, mambo matatu ambayo anaweza kuyatuma kwa simu akiwa bado amesimama ndani ya gari, na kazi ya kumtafuta mtu itamwangukia tajiri, ambaye ndiye aliyempa mtu huyo gari asubuhi.